Kona Iliyokuwa Kiziwi

Shangazi yangu Wairimu alifariki akiamini kwamba mimi ni fundi wa simu. Kila nilipokwenda kumsalimia kule Kikuyu, aliniwekea simu mbovu za majirani ndani ya sufuria kuukuu. "Nyambura, hizi ni zako, za kazi," alisema. Nilizichukua. Nilizipeleka kwa fundi wa kweli pale Uthiru karibu na kwangu, nikazirudisha zikiwa nzima, na sifa nikapewa mimi. Miaka mingi nilikuwa fundi hodari wa simu katika kijiji kizima, na sijawahi kufungua hata moja.

Msinicheke. Nyinyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa mtaulizwa swali lilo hilo kwenye kila harusi na kila matanga: unatengeneza nini hasa? Tafuteni jibu fupi mapema. Mimi sikulipata, ndiyo maana nilikubali sufuria.

Nilichora antena. Si hizi za kwenye paa. Zangu zilikaa ndani ya chipu ya kompyuta, na mbili tatu ungeweza kuzipanga juu ya punje moja ya wimbi la uji. Ndani ya chipu moja kuna sehemu nyingi za kukokotoa, na zote huongea kupitia nyaya za shaba nyembamba mno. Sehemu zikiongezeka, nyaya hurefuka, hupata joto, na ujumbe wa kutoka kona hii hadi kona ile huchelewa kwa kupitia mikono mingi. Wazo letu lilikuwa rahisi kulisema: kona za mbali ziongee kwa redio, kila moja na antena yake. Kulitenda ndiko kulikokula maisha yangu.

Ofisi yetu ilikuwa katikati ya jiji, orofa ya nne, juu ya maduka ya vifaa vya umeme. Tulikuwa watu watano tukichora kwa niaba ya kampuni ya ng'ambo. Mkurugenzi alikaa Karen, mtaa wa matajiri, na alifika mara moja kwa wiki, akilalamikia msongamano wa magari kana kwamba sisi tuliokuwa pale tangu saa mbili tulishuka kutoka mbinguni. Na kulikuwa na Mzee Gurdip.

Watu wa mjini walimwita Kalasinga tu, kwa kilemba chake. Sisi tulimwita Mzee. Alizaliwa Parklands, akakulia Parklands, na ujana wake wote alipanda minara ya redio nchi nzima na spana mfukoni. Magoti yalipokataa minara, alinunua vitabu, akaketi chini akajifunza upya, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanaagana na kazi. Nilipoajiriwa nilikuwa na shahada mbili. Yeye alikuwa na cheti kimoja cha ufundi na kucha nyeusi. Ndiye aliyekuwa mwalimu wangu.

Antena yangu ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Programu ilinionyesha namba ambazo sijawahi kuziona kwenye kitabu chochote: karibu nguvu yote iliyoingia ilitoka, hakuna kilichopotea. Nilichapisha ile grafu, nikaenda mezani kwake kama mtu anayepeleka posa.

Aliitazama muda mrefu. "Beta," akaniuliza. Ndivyo alivyoniita, kama binti yake. "Hii antena yako inakaa wapi?"

"Kwenye chipu, Mzee."

"Hapana. Hii inakaa mbinguni."

Nilikuwa nimesahau silikoni. Nilikuwa nimeipima antena ikiwa imeelea hewani, haina kitu chini wala juu. Na chini ya antena ya chipu kuna silikoni, na silikoni hunyonya mawimbi kama mchanga unavyonyonya maji. Nilipoiongeza kwenye hesabu, sehemu kubwa ya ile nguvu yangu nzuri ilizama chini.

Hakunikemea. Alishuka dukani akarudi na pakiti ya chumvi, karai la plastiki na waya wa shaba. Akaukunja waya kwa koleo, zigizaga, sura ile ile ya antena yangu lakini kubwa kuliko mkono wake. Akajaza karai maji, akakoroga chumvi, akauweka waya juu yake kwenye kipande cha ubao, na kuuunganisha na kifaa cha kupimia ambacho alikitoa kwenye mnara fulani uliobomolewa. Tukapima. Akaongeza chumvi, tukapima tena. Kila kijiko kilipoingia, antena ilizidi kudhoofika mbele ya macho yangu.

"Sasa umeona?" akasema. "Kitabu inakwambia silikoni inapoteza nguvu. Wewe unasoma, unasema sawa, unasahau. Chumvi huwezi kusahau."

Na kweli. Hadi leo nikitia chumvi kwenye mboga huwa najiuliza nimepoteza kiasi gani.

Kwa hiyo namba ikiwa nzuri mno, msisherehekee. Tafuteni mlichosahau. Kabla ya kuamini programu yoyote, ipeni kwanza kitu ambacho jibu lake mnalijua. Ikikosea hapo, hamna haja ya kwenda mbele. Zamani hesabu moja ilichukua siku mbili, kwa hiyo tulifikiri sana kabla ya kubonyeza. Siku hizi mashine yenyewe hupendekeza sura mia moja kabla hujamaliza kikombe, na nyingine ni nzuri kuliko nilizowahi kuchora. Sioni wivu. Nasema tu kwamba mashine haijui ilichokosa kuambiwa.

Jambo la pili alilonifundisha ni majirani. Antena ndogo haiishi peke yake. Kila kipande cha shaba kilicho karibu nayo huivuta, huihamisha masafa, huila nguvu. Na hapa ndipo penye kosa langu, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Kiwandani, kila tabaka la chipu likishawekwa husuguliwa liwe bapa. Pasipo na shaba husuguka zaidi na kubonyea. Ili kuzuia hilo, mashine ya kiwanda hujaza kila mahali palipo wazi kwa vipande vidogo vidogo vya shaba, bila kumuuliza mtu. Sisi tuliviita vigae. Kwa saketi za kawaida havina shida. Kwa antena ni sumu. Ndiyo maana mchoraji huchora mpaka kuizunguka antena yake, na mpaka huo huiambia mashine: humu usijaze kitu. Kwenye programu yetu ya wakati ule, antena na mpaka wake vilikuwa vitu viwili tofauti. Ukitaka kuhamisha antena, ilibidi ushike vyote viwili.

Chipu yetu kubwa ilikuwa na kona nne na antena nne. Mzee Gurdip alikuwa amechora mipaka yote minne kwa mkono wake, na siku ya kutuma faili, Ijumaa, alifanya ukaguzi wa mwisho asubuhi nzima akatia sahihi. Baada ya chakula cha mchana alikwenda kumwona daktari wa macho. Saa tisa mteja akaniandikia kwamba anahitaji nafasi kidogo kwenye kona ya nne. Kidogo sana, chini ya upana wa unywele. Nilishika antena nikaisogeza kuelekea ukingoni. Faili zikaondoka saa kumi na moja. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeridhika, nikanunua samaki njiani.

Chipu zilirudi baada ya miezi, chache tu, ndani ya kijisanduku chenye kitu cha kunata kama jeli. Pamoja nazo ilikuja karatasi ya vipimo vya maabara ya mteja. Kona ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa zinaongea vizuri. Kona ya nne ilikuwa kiziwi. Haikutuma, haikupokea.

Tuliiweka chini ya hadubini. Mzee Gurdip alitazama kwanza. Alitazama, akainua kichwa, akafuta miwani, akatazama tena. Kisha akanipisha. Niliinama nikaona vigae. Nusu ya antena ilikuwa imezungukwa na vigae, vimepangwa vizuri kama sakafu ya bafu, na upande wa pili kulikuwa na nafasi tupu, safi, isiyolinda kitu chochote.

Nilijua pale pale. Niliiona mikono yangu ya Ijumaa ile ikishika antena na kuacha mpaka. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

"Hiyo mpaka nilichora mimi," Mzee Gurdip alisema nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nina hakika niliweka pahali pake. Nilikagua mara mbili." Akaketi. "Ama nilikagua ile ya tatu mara mbili?"

Mkurugenzi alikuja siku hiyo hiyo kutoka Karen, na kwa mara ya kwanza hakutaja magari. Alisimama mlangoni akauliza swali moja. "Nani?"

"Mimi," alisema Mzee Gurdip. "Ni kona yangu. Ni sahihi yangu."

Nilikuwa na mdomo, vijana wangu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilichosema ni, "Tutarekebisha." Basi.

Mnataka kujua kwa nini. Nimekuwa na miaka ya kulifikiria na sijapata sababu inayonipendeza. Nilikuwa mwanamke pekee mle ndani. Nilikuwa nimeahidiwa kuongoza mradi uliofuata. Nilijiambia kwamba yeye ni mzee, jina lake limeshajengeka, kosa moja haliwezi kumdhuru, lakini mimi lingenimaliza. Nilijiambia nitamwambia kesho, tukiwa wawili. Programu ilikuwa na kumbukumbu ya kila badiliko na jina la aliyelifanya. Hakuna aliyeifungua. Waifungulie nini, wakati mtu amekwisha kukubali?

Kesho yake alikuja na daftari. Alianza kuandika kila alichokifanya: saa ngapi ameanza, amefungua faili gani, amefunga gani. Siku nyingine nilimkuta akikagua kitu alichokuwa amekikagua saa moja kabla, akilinganisha na daftari, midomo ikicheza. Wiki ya pili aliniita kwenye ngazi, kule wengine hawawezi kusikia.

"Beta, baba yangu alianza hivi," aliniambia. "Kitu ndogo kwanza. Ufunguo. Jina la mtu. Sisi tulicheka. Halafu akasahau mama yangu." Akatazama chini ya ngazi. "Mimi sitaki watu wangoje mpaka niharibu kubwa. Naacha mwisho wa mwezi."

Hapo ndipo ningesema. Kama kuna mahali pamoja maishani ningeweza kurudi, ni ngazi zile, zenye harufu ya sabuni ya sakafu. Nilimshika mkono nikamwambia asiwe na haraka, kila mtu husahau. Alifikiri namfariji. Siku ya mwisho aliniletea sanduku lake la vyombo: koleo, kifaa cha kupimia, hata kile kipande cha ubao. "Mimi sina kazi nayo tena," akasema.

Tulirekebisha chipu. Raundi ya pili kona zote nne ziliongea, na nilifanywa kiongozi kama nilivyoahidiwa. Kulikuwa na chakula hotelini. Watu walinipigia makofi nami nikanywa maji, nikaondoka kabla ya keki.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Nilichora antena nyingi, nyingine nzuri. Lakini sikuwa na mtu wa kumpelekea grafu. Vijana waliokuja baadaye walikuwa werevu na wapole, waliniita Madam, na walipopata shida waliuliza mashine. Kisha wakaanza kufanyia kazi nyumbani, mmoja mmoja, hadi orofa ya nne nikabaki mimi na mlinzi, na mlinzi alikuwa mtu wa kusinzia. Nilikula chakula cha mchana nikitazama dirishani. Chini watu walipita kwa mamia wakiwa na simu masikioni, na nilijua namna kila neno lao linavyosafiri, na hapakuwa na aliyenitafuta mimi.

Nilistaafu kwa keki ya dukani na mkutano wa kompyuta. Nyuso kumi na mbili zilinitakia heri. Mmoja aliganda akiwa amefumbua mdomo, akakaa hivyo hadi mwisho wa hotuba yangu. Nilifunga kompyuta, nikakata kipande kimoja, iliyobaki nikamwachia mlinzi. Sikuolewa, sina watoto. Nyumba ya Uthiru ni ya wazazi, na sauti inayoingia ndani mara nyingi ni ya jirani akiita kuku wake.

Ndani ya ule ukimya kona ya nne ilianza kuongea kila siku.

Basi asubuhi moja nilishuka mjini, nikatembea kwa miguu hadi Parklands, maana nilitaka safari iwe ndefu. Mlango ulifunguliwa na Jasleen, mke wa mwanawe. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya kumuaga Mzee ofisini. Miaka saba ilikuwa imepita.

"Auntie Nyambura! Karibu. Atafurahi. Haoni watu sana siku hizi."

"Anaumwa?"

Alisita. "Njoo uone."

Alinipitisha jikoni, na hapo nikaona. Kila kitu kilikuwa na karatasi. CHUMVI. SUKARI. MAJANI CHAI. Kwenye jiko: ZIMA. Kwenye mlango wa nyuma: FUNGA, ANGALIA TENA. Ulikuwa mwandiko wake, herufi kubwa zilizonyooka, zile zile alizotumia kwenye michoro.

"Daktari anasema hana kitu," Jasleen alininong'oneza. "Amempima mara tatu. Haamini. Hata balbu habadilishi, anasema atachoma nyumba."

Mzee Gurdip alikuwa ameketi sebuleni karibu na dirisha, amevaa kilemba cheupe, mikono ikiwa magotini. Kucha zake zilikuwa safi. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniumiza kwanza.

"Beta!" Akataka kuinuka. Nikamzuia. Jasleen akaleta chai akatuacha. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba njia nzima, na yote ikaniponyoka.

"Mzee, ile kona ya nne. Hukuwa wewe."

"Kona gani?"

"Ile iliyokuwa kiziwi."

Aligeuka kutoka dirishani akanitazama.

"Niliisogeza mimi. Ile Ijumaa, ulipokwenda kwa daktari wa macho. Mteja alitaka nafasi. Nilishika antena, nikausahau mpaka."

Alisogeza kiti karibu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka saba, "Ulisogeza upande gani?"

"Kuelekea ukingoni."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia.

Alifumba macho, nikajua anaichora kichwani, tabaka kwa tabaka. Kidole chake kilitembea juu ya goti. Kilisimama. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Vigae vingeingia hapo." Akafumbua macho. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Kwenye hadubini."

"Siku ile ile." Aliweka kikombe chini polepole. "Na kwenye ngazi ulijua."

"Nilijua."

"Daktari ananiambia, Gurdip, kichwa yako iko sawa. Mimi namwambia, daktari, wewe hujui. Kuna kitu nilisahau, na hata sikumbuki nikisahau. Hiyo ndiyo mbaya zaidi." Akasukuma kikombe mbali. "Gari nimeacha kuendesha. Vyombo nilikupa wewe. Mke wangu alipokuwa anakufa, alikuwa anaogopa nani atanikumbusha dawa. Alikufa na hiyo wasiwasi, Nyambura."

Hakuniita beta.

"Naomba unisamehe, Mzee."

"Sasa enda," alisema. "Tafadhali. Enda."

Nilienda. Jasleen alinitazama nikipita jikoni kati ya zile karatasi.

Wiki nzima sikutoka nyumbani. Ya pili Jasleen akanipigia simu. "Anataka kuona," alisema. "Anasema maneno si kipimo."

Nilikuwa na picha ya ile kona moja kwenye kompyuta yangu, matabaka mawili tu, pamoja na orodha ya mabadiliko. Mradi ulishakufa na mteja alishafunga kampuni. Niliipeleka mjini kwa watu wanaochapisha michoro ya majengo, nikaomba karatasi kubwa kabisa. Mwenye mashine aliikunjua mezani, akaitazama ile zigizaga na vile vigae.

"Hii ni ploti ya wapi, mama? Imepangwa vizuri. Lakini huyu amejenga nje ya mpaka."

"Ni kweli," nikamwambia. "Ni mimi."

Mzee Gurdip alinipokea bila salamu. Tuliitandaza karatasi juu ya meza ya kulia, Jasleen akaweka vikombe kwenye pembe isijikunje. Mzee alikuwa ametayarisha rula na kioo cha kukuzia. Hakutaka nimwelekeze. Alisoma kwanza orodha ya mabadiliko, mstari kwa mstari, kidole kikishuka. Mpaka, ukaguzi wa mwisho, Ijumaa, saa nne asubuhi, jina lake. Antena, Ijumaa, saa tisa na nusu, jina langu. Kisha akapima. Alipima umbali kutoka ukingo wa mpaka hadi mahali antena ilipokuwa kwanza. Akapima upande wa pili, juu na chini. Ilichukua karibu saa nzima. Sijawahi kuona mtu akipima kitu namna ile.

Mwisho alinyoosha mgongo.

"Yangu ilikuwa sawa," akasema.

"Ilikuwa sawa, Mzee."

"Pande zote nne."

"Zote."

Alivua miwani akajifuta macho kwa leso. Jasleen alimshika bega, naye akaufunika mkono wake kwa wake. Mimi nilisimama ng'ambo ya meza. Palikuwa na karatasi tu kati yetu.

"Wacha hiyo hapa," aliniambia baadaye, akimaanisha mchoro. "Nyambura, umekuja mwenyewe. Hiyo nimeona. Lakini siwezi kukwambia ni sawa. Si sawa."

"Najua."

Siku iliyofuata nilimtumia Jasleen lile sanduku la vyombo kwa gari la kukodi. Sikuandika barua ndani. Niliosha tu koleo na kulitia mafuta.

Sasa, vijana, nimewaambia mambo ya chumvi na vigae, na hayo mtayasoma kwingine yakiwa yameandikwa vizuri zaidi. Fungeni antena na mpaka wake pamoja, siku hizi programu inaruhusu. Kagueni upya baada ya badiliko lolote, hata la unywele. Na mkikosea, semeni kabla chai haijapoa. Mimi nilidhani nimemwachia Mzee Gurdip kosa moja dogo la kazi. Hamwezi kujua mwenzenu atalibeba hadi wapi, wala atalifanya liwe nini akiwa peke yake nalo.

Miezi mingine ilipita. Kisha Jasleen aliniandikia kwamba Jumapili kuna chakula kwenye gurdwara yao, nyumba yao ya ibada, kila mtu hukaribishwa, nami nije nikitaka. Hakusema Mzee ameniita. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikavua viatu mlangoni, nikaketi sakafuni kwenye mstari pamoja na wageni wengine. Mama mmoja akanipa chapati mbili na dengu.

Mzee Gurdip alikuwa upande wa pili wa ukumbi, amesimama juu ya kiti, mgongo wa spika ya ukutani ukiwa wazi mbele yake. Nyaya zilining'inia begani. Mtu mmoja alimwambia kitu, naye akamjibu kwa hasira kidogo, kama alivyokuwa akiwajibu watu wanaomharakisha kazini. Akakaza skrubu, akapewa kipaza sauti akakigonga kwa kidole. Sauti ikatoka safi ukumbi mzima.

Aliposhuka kwenye kiti alitazama huku na huku, akaniona. Aliinamisha kichwa, vile ambavyo mtu humwinamishia mgeni yeyote, akarudi kufunga spika yake.

Nilimaliza chakula. Nikapeleka sahani kwenye karo, nikaosha yangu na za waliokuwa wameketi karibu nami, nikavaa viatu, nikashuka barabarani kutafuta basi la Uthiru.